Mshale wa gunzi au sahani ya plastiki? Kitu cha kurusha kwa watoto wa Tabora likizo hii

Shule zikifungwa Juni, akina mama wenzangu wa Isevya na Cheyo huniuliza swali lilelile: watoto tuwape nini cha kurusha? Maana ukiwaacha hivihivi watachonga manati, na manati mwisho wake ni kioo cha jirani au jicho la mtoto wa mtu. Jibu langu ni hili. Ile shilingi 4,500 ya sahani ya plastiki ya kurusha (frisbee) ibaki mfukoni. Okota magunzi, tafuta manyoya ya jogoo, mkae chini ya mwembe mtengeneze mishale ya gunzi wenyewe. Kwa watoto wa rika mchanganyiko, kwenye uwanja wa vumbi kama wetu, gunzi linaishinda sahani karibu kwa kila jambo. Pale linaposhindwa nitasema.

Vyote viwili vimetumika mbele ya macho yangu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani, na baraza yangu inatazama uwanja wa wazi ambao watoto wa mtaa mzima huchezea. Wangu ni watatu: wa kwanza ana miaka 12, wa kati 9, kitinda mimba 5. Likizo hii ameongezeka mtoto wa kaka yangu kutoka Sikonge, mwenye miaka 10. Kitu chochote kinachorushwa pale kinapita kwenye mkono wenye nguvu na mkono usio na nguvu, kwa mtoto mvumilivu na kwa yule anayetaka kila kitu kifanye kazi sasa hivi.

Tuanze na sahani. Ni ile duara ya plastiki ya rangi ya chungwa au kijani, upana wake shibiri moja hivi, inauzwa kwenye maduka ya vitu vya watoto mjini. Asili yake ni Marekani, ambako kampuni ya Wham-O ilianza kuziuza mwaka 1957, na zile za mashindano huko zina uzito wa gramu 175 na upana wa sentimita 27 hivi. Hizi zinazotufikia sisi kwa 4,500 haziko hivyo. Plastiki yake ni nyembamba, ukiikamata ukingoni inapinda, na pale ilipotoka kwenye kalibu wameacha makali ambayo yalimchana kitinda mimba kidole siku ileile tuliyoileta nyumbani. Ilipogonga ukuta mara ya kwanza ilipata ufa, na ufa ukaendelea kutembea mpaka katikati. Niliirudisha dukani. Muuzaji alinijibu kwamba vitu vya kuchezea vikishatoka havirudi, akaendelea kuhesabu pesa zake.

Lakini hata ingekuwa nzima, kasoro kubwa ipo kwenye namna inavyoruka. Sahani haiendi kwa nguvu ya bega, inakwenda kwa kuzunguka. Isipozunguka vya kutosha inalala ubavu na kuanguka chini. Kuizungusha kunataka kifundo cha mkono kilichozoea, na mkono wa kuachia wenye kiasi. Mkubwa wangu aliipata baada ya muda na alifurahi kwelikweli, siwezi kumnyima hilo. Wa kati aliipata nusu nusu. Kitinda mimba aliirusha ikaangukia miguuni mwake, akairusha tena ikaenda nyuma yake, mwisho akaifanya sinia la kupikia vyakula vya udongo. Na upepo wetu wa Juni na Julai, huu wa kipupwe unaovuma kutoka kusini mashariki, ukiikuta sahani nyepesi hewani unaipeleka unakotaka. Mara nyingi iliishia juu ya bati la jirani.

Sasa gunzi.

Mshale wa gunzi ni kipande cha gunzi kikavu, urefu wa kiganja cha mtu mzima, kilichochomekwa manyoya matatu ya kuku upande mmoja. Upande wa pili, ambao ndio pua, unafungwa utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Hakuna ncha, hakuna msumari unaobaki ndani, hakuna waya. Unaushika katikati na kuurusha juu ya bega kama mtu arushavyo jiwe. Mtoto wa miaka 5 anaurusha vizuri tangu mara ya kwanza, na hapo ndipo penye thamani yake yote kwangu.

Sababu ya kuruka vizuri tuliiona uwanjani, na nashauri kila mzazi awaonyeshe watoto kabla hawajachomeka chochote. Nilimwambia mtoto wa kaka arushe gunzi tupu. Likaenda likibiringika hewani, kichwa chini mkia juu, halafu mkia chini, likaanguka popote. Kisha akachomeka manyoya kwenye gunzi lilelile, hata bila kuyagandisha, akarusha. Likajinyoosha na kwenda moja kwa moja. Naye ni mtoto wa maswali, akaliokota na kulirusha makusudi kinyumenyume, manyoya yakiwa mbele. Likiwa bado hewani likageuka lenyewe, pua ikashika nafasi yake mbele.

“Shangazi, nani kaligeuza?”

Hewa ndiyo imeligeuza. Manyoya ni mapana na hayana uzito, hewa inayashika na kuyachelewesha. Gunzi ni zito na jembamba, hewa haina pa kulishika. Kwa hiyo zito linatangulia, jepesi linafuata, na ukilirusha vibaya linajirekebisha. Ndiyo kazi ileile inayofanyika kwenye kile kigololi cha mpira wa vinyoya (badminton): kizibo mbele, manyoya 16 nyuma, na kitu kizima hakizidi gramu 5.5. Chetu kina uzito zaidi mbele, ndiyo maana manyoya matatu yanatosha.

Wala si sisi wa kwanza kulitazama gunzi kwa jicho hilo. Mahindi yenyewe asili yake ni bara la Amerika, na Wahopi wa Arizona kule Marekani wana mchezo wao wa zamani wa mishale ya magunzi yenye manyoya, ambayo hulenga nayo pete iliyoviringwa kwa maganda ya mahindi. Niliposimulia hilo, wa kati alikwenda jikoni akarudi na maganda yaliyokuwa yanasubiri kuwashia moto, akaanza kuyasokota. Pete yake ya kwanza ilikuwa kubwa kuliko kichwa chake, nayo mpaka leo inatumika.

Vifaa nitavisema kimoja kimoja, kwa kuwa ubora wa mshale unaanzia hapo na si kila gunzi ni gunzi.

Magunzi yanapatikana bure msimu huu, maana mahindi ndiyo kwanza yametoka shambani. Chagua yaliyopukuchuliwa kwa mkono. Yale yaliyopigwa kwa mti ndani ya gunia yana nyufa ambazo huzioni mpaka yapasuke, na yale ya mashine ya kupukuchulia mengi yanatoka yamekatika. Liwe kavu kabisa: likunje kwa mikono miwili, likipinda achana nalo, lirudishe juani. Gunzi bichi lina uzito mzuri linakudanganya, lakini baada ya muda linaota ukungu na manyoya yanalegea. Kata upande mwembamba kwa msumeno wa chuma, kwa sababu kisu hulitafuna. Hiyo ni kazi ya mkubwa. Upande mnene ubaki kuwa pua.

Ukilikata utaona katikati kuna moyo mweupe, laini, unaobonyea kwa ukucha. Huo ndio uliofanya nilipende gunzi kuliko kipande cha mti. Mtoto wa miaka 6 au 7 akishika msumari wa inchi tatu anatoboa moyo ule mwenyewe kwa kuuzungusha taratibu, bila nyundo, bila kuniita. Watoto wangu waliniita kwa mambo mengine yote, kwa hilo hawakuniita.

Manyoya ndiyo yenye mjadala. Wale akina mama wanaonyonyoa kuku sokoni watakupa bure mfuko mzima, ila mengi yameshamwagiwa maji ya moto, yamelegea na mashavu yake yameshikana. Hayafai. Yanayofaa ni ya bawa au ya mkia wa jogoo wa kienyeji, yaliyodondoka yenyewe au yaliyonyonyolewa makavu, yenye urefu wa shibiri moja pungufu kidogo. Kuku wa kisasa manyoya yake ni mafupi na laini mno. Kuna jambo moja sina mzaha nalo: msiokote manyoya ya kuku aliyekufa kwa ugonjwa. Mdondo ukipita mtaani watoto huona manyoya mengi mazuri jalalani, na ndiko wanakokimbilia. Hata yale ya kuku mzima, osha kwa maji ya sabuni, anika juani mchana kutwa, na watoto wanawe mikono kabla hawajala.

Ukipata manyoya, yatenge ya bawa la kulia na ya bawa la kushoto. Yalaze mezani utaona, haya yanapinda huku na yale yanapinda kule. Mshale mmoja uwe na manyoya ya upande mmoja tu. Yakipinda yote kuelekea upande mmoja, mshale unazunguka taratibu ukiwa hewani na kwenda moja kwa moja. Ukichanganya, moja linauvuta kulia na lingine kushoto, na mshale unayumba. Wa kati ndiye aliyekuwa msimamizi wa kutenga, na aliifanya kazi hiyo kwa ukali hata mkubwa akamwogopa.

Nta sasa. Watu wengi wanakimbilia gundi ya dukani ile inayokamata vidole. Sitaki kuiona mikononi mwa mtoto, na Tabora hatuna sababu ya kuinunua. Huu ni mkoa wa asali. Nenda kwa wauza asali sokoni, utapata nta ya nyuki ya kutosha mishale kumi kwa 1,000. Mzee niliyenunua kwake alikuwa na madonge mawili, moja la njano iliyokolea na lingine jeusi jeusi.

“Shikamoo babu,” watoto wakamsalimia.

“Marahaba wajukuu. Mnataka nta ya nini, mayo?” akaniuliza, yaani mama kwa Kinyamwezi. Nilipomweleza akalisukuma lile jeusi pembeni. “Hili lina takataka za mzinga, halitashika. Chukua hili. Nusa.”

Lilinukia asali na moshi kidogo. Mtoto wa kaka, ambaye baba yake hutundika mizinga kwenye miombo ya huko kwao, alichukua kipande akakibonyeza kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kama mtu mzima anayekubali bei. Yeye ndiye aliyetufundisha wengine kuiyeyusha: kopo la nta ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za sentigredi, kwa hiyo maji ambayo hayajachemka yanatosha, na kopo haliwezi kushika moto. Hata hivyo kumimina ni kazi yangu. Nta ya moto ikidondokea ngozi inang'ang'ania.

Tyubu ya baiskeli unaipata kwa fundi yeyote wa baiskeli. Yule wa karibu na kwetu alichagua kipande ambacho hakijachakaa, akakikata tepe za upana wa vidole viwili kwa mkasi wake, akakataa malipo. Kwa huduma ya namna hiyo nampa sifa zote. Tepe inazungushwa kwenye pua mizunguko miwili au mitatu ikiwa imevutwa, mwisho wake unapenyezwa chini ya mzunguko wa kwanza. Inafanya kazi mbili. Inaongeza uzito mbele, na inalainisha pua ili ikimgonga mtu isimuumize. Bila tepe gunzi linabanduka vipande vipande kila likipiga ardhi ngumu.

Kutengeneza kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja, chini ya mwembe, na nawaomba wazazi wasiifanye peke yao usiku wakati watoto wamelala ili kuwashangaza. Mtoto achomeke manyoya yake mwenyewe. Ninavyowafundisha ni hivi: kata shina la unyoya mshazari kwa wembe (wembe ni wangu, si wa mtoto), lichomeke kwenye tundu kina cha vidole viwili, la pili, la tatu, yakae kama mafiga, kila moja likitazamana na nafasi iliyo kati ya mawili mengine. Kabla ya nta, urusheni kwanza. Ukiyumba, toa unyoya mmoja, ugeuze kidogo, urusheni tena. Hapo ndipo mtoto anapojifunza kutazama. Kitinda mimba alikaa na mshale wake akiuzungusha unyoya uleule, anarusha hatua tano, anaufuata, anakaa chini palepale ulipoangukia na kuugeuza tena, ulimi nje. Mchana ulifika hajaja kula. Alipokuja hatimaye, alininyooshea mshale akasema, “Mama, sasa mwagia.” Sikuugusa kabla hajasema.

Ukishamwaga nta, uache kivulini mpaka igande na kuwa nyeupe nyeupe juu. Usiuweke juani kukausha, utarudi kuanza upya.

Kuhusu mchezo. Tulitundika ringi kuukuu ya baiskeli kwenye tawi la mwembe, usawa wa kifua cha mtoto wa kati, na kuchora mistari mitatu chini: wa karibu kwa wadogo, wa mbali kwa wakubwa. Tabora miembe haitafutwi, wazee husema ilikuja na misafara ya pwani, na kila mtaa una mmoja wenye tawi la kufaa. Anayepitisha mshale ndani ya ringi anapata moja, anayegonga ringi anapata nusu, na watoto waliongeza sheria zao ambazo sijazielewa mpaka leo. Pete ya maganda ina mchezo wake: mmoja anaibiringisha chini, wengine wanailenga ikiwa inakwenda. Huo ni mgumu zaidi na wakubwa wanaupenda.

Mkubwa aliyafunga manyoya ya mshale wake na uzi mwekundu kutoka kwenye cherehani yangu, akauita Ruga-ruga. Shuleni wamesoma habari za Mtemi Mirambo wa Urambo na wapiganaji wake, hao ruga-ruga, waliojipamba manyoya kichwani. Kufika jioni kila mshale ulikuwa na jina lake, na watoto wa jirani wameshakuja kuomba magunzi.

Upepo nao umekuwa sehemu ya mchezo badala ya kuwa adui. Ukirusha ukiwa na upepo mgongoni, mshale unafika mbali. Ukiutazama upepo, unafika karibu lakini umenyooka. Upepo wa ubavuni ndio unaostaajabisha: unayasukuma manyoya, kwa hiyo mkia unakwenda kule upepo unakoelekea na pua inageukia kule upepo unakotoka. Watoto waligundua hilo wenyewe, wakaanza kulenga kando ya ringi kusudi. Kwa sahani hawakufika huko, kwani walikuwa wanahangaika nayo tu isianguke.

Udhaifu niliouahidi. Kwanza, mshale wa gunzi si mzuri wa kudakwa. Unakuja kwa kasi na pua mbele, na mtoto mdogo anaogopa. Ukitaka kurushiana na kudaka, sahani nzima yenye uzito mzuri inashinda, kama unaipata na kama watoto wameshafika miaka 10 au zaidi. Sisi tulilitatua kwa njia nyingine: magunzi mawili tuliyavua manyoya, tukachomeka vipande vya kitenge virefu kama mkono, vile ninavyobaki navyo baada ya kukata nguo. Mkia wa kitambaa unauchelewesha mshale, unakuja taratibu ukipepea, na kitinda mimba anaudaka kwa kushika mkia. Haufiki mbali, lakini kwa kudaka unatosha.

Pili, maji. Gunzi linanyonya. Likilala nje kwenye umande asubuhi linakuwa zito na manyoya yameshikana. Kwa sasa ambapo mvua hakuna si tatizo, lakini kuanzia Novemba mshale huu unakaa ndani zaidi kuliko nje. Sahani haijali mvua. Tatu, Oktoba. Huo ndio mwezi wetu wa joto kali, na ukiuacha mshale juani kwenye sakafu ya saruji nta inalainika, manyoya yanalala upande. Unaurudisha kwa kuyasimamisha na kuacha igande, ila mtoto aelezwe. Nne, paka. Paka wa nyumba ya pili amekula manyoya ya mishale yetu kadhaa na sasa yanatundikwa juu kwenye msumari.

Manyoya yanavunjika, hilo halikwepeki. Lakini likivunjika mtoto analitoa, anachagua jingine kwenye mfuko, upande uleule wa bawa, analichomeka na kuniletea nta. Sahani ilipopasuka hakuna mtoto aliyekuwa na la kufanya zaidi ya kunitazama mimi, na mimi sikuwa na la kufanya zaidi ya kurudi kwa muuzaji yule. Kati ya vyote nilivyosema, hili ndilo linalonifanya niwashawishi wazazi wenzangu kwa nguvu hivi. Mtoto aliyeona moyo wa gunzi, aliyetenga kulia na kushoto, aliyegeuza unyoya mpaka mshale ukanyooka, haji kuniambia kimeharibika. Ananiambia kinataka nini.

Usalama usiupuuze kwa sababu hakuna ncha. Jicho ni jicho. Kanuni yetu ni kwamba wote warushao wanasimama upande mmoja wa mstari, na hakuna anayekwenda kuokota mpaka wote wamerusha. Mtoto anayemlenga mwenzake au kuku anakaa na mimi barazani akichambua vifungo mpaka mchezo uishe. Msiende kurushia karibu na reli hata kama uwanja wa huko ni mzuri, na wakubwa wanajua ninachomaanisha, kwani mshale ukiangukia relini mtoto anaufuata bila kutazama.

Gharama yote kwa mishale ya watoto wanne na miwili ya ziada kwa watoto wa jirani ilikuwa ile 1,000 ya nta. Msumari, msumeno na wembe vilikuwepo. Ninaupa tisa kati ya kumi, na hiyo moja nimeikata kwa sababu ya kudaka na maji. Sahani ya 4,500 naipa tatu, na zote tatu ni za furaha ya mkubwa wangu ile siku alipofaulu kuizungusha.

Mkienda sokoni nendeni asubuhi na mapema, kabla wanaonyonyoa kuku hawajaanza kumwaga maji ya moto, muombe manyoya ya bawa ya jogoo akiwa mkavu. Wengi wanakubali ukiomba kwa adabu, na wanakuacha uchague. Nta ombeni kunusa kabla ya kulipa. Magunzi yakusanyeni sasa, mwezi huu na ujao, myaweke kwenye gunia mahali pakavu, kwa maana Agosti ikifika majirani watakuwa wameshayachoma yote jikoni.